Mwaka Nilipoiuza Ubelgiji

Mama Neema alizikwa Jumamosi iliyopita, na mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu walioombwa kusema neno. Nilisema lile ambalo nimelisema kila nilipoulizwa tulijuanaje: kwamba miaka ishirini iliyopita, nikiwa karani mdogo katika ofisi ya safari, nilimpangia matembezi ya Ubelgiji, na huko, juu ya ngome ya mji mmoja unaoitwa Dinant, akakumbatiana na dada yake. Kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa amemlilia mwenzake kama marehemu. Ukumbi wa Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, ukapiga makofi, akina mama wa kwaya wakaitikia amina, na mimi nikarudi kwenye kiti changu kichwa juu. Sitajisingizia unyenyekevu: yale makofi niliyapenda. Baadaye nikaingia jikoni kusaidia kuosha vyombo, na Neema, ambaye sasa ni muuguzi na mama wa watoto wawili, akaniambia jambo nitakalolieleza likifika zamu yake. Tangu hapo nimekuwa nikiupitia mwaka ule chumba kwa chumba, nikitafuta ni wapi nilipaswa kuona nisione.

Habari za Tanga, za wazazi wangu na za namna nilivyopata nafasi ya kusoma huku, naziacha. Kila aliyekuja ana hadithi ya aina hiyo, na zote zinafanana kama sahani za kukodi. Naanzia ofisini. Ilikuwa Lidcombe, karibu na stesheni, chumba kimoja na nusu juu ya duka la mikate, hata leo nikisikia harufu ya mkate wa maziwa naikumbuka Ubelgiji, nchi ambayo wakati huo nilikuwa sijaiona hata kwa dirisha la ndege. Mwenye ofisi alikuwa Bi Marika, mwanamke wa Kihungaria mwenye miaka sitini na kitu. Aliletwa nchini akiwa mtoto, akawekwa na wazazi wake Villawood, enzi hizo pakiwa hosteli ya wahamiaji, kabla hapajawa mahali pa kuwazuilia. Alikuwa hali nyama ya kondoo. Alisema aliimaliza yote mwaka ule katika vibanda vya bati. Alinipa meza ya Ubelgiji kwa sababu karani aliyenitangulia aliolewa akahamia Perth. Kazi yangu ilikuwa kupanga ratiba za wasafiri na kuandika kijitabu cha maelezo ya kila watakapopita: uwanja mkuu wa Brussels na nyumba zake zilizopakwa dhahabu, mifereji ya Bruges, ngome ya mabwana wa kale huko Ghent, kilima cha simba pale Waterloo. Niliandika kwa raha zangu. Mimi ambaye Kilimanjaro nilikuwa nimeuona kwenye kalenda tu, niliwaeleza watu wazima wa Sydney jinsi mwanga wa jioni unavyotua juu ya mnara wa kengele wa Bruges.

Bi Marika alisoma maandishi yangu akiwa na kalamu nyekundu na kikombe cha kahawa nyeusi isiyo na sukari. Mwanga wa jioni ulio kama asali aliufuta. Mifereji inayonong'ona aliifuta. "Zuhura," aliniambia, "andika saa ya kufika, saa ya kuondoka, na choo kiko wapi. Uzuri watauona wenyewe." Siku nyingine aliniuliza kama ngome ya Ghent ina lifti. Nikasema sijui. "Basi mpigie simu mtu aliyekanyaga pale, umuulize. Mahali usipopajua usimpeleke mtu." Nikaitikia ndiyo, madam, kisha nikarudi mezani kwangu nikasema moyoni kwamba huyu mzee hana ladha. Kwetu husemwa usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia; mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nauza magunia kumi kwa siku, na kila gunia nalifunga kwa utepe. Nilijiona mwandishi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikinakili picha.

Mama Neema alikuja Jumamosi moja ya mvua, amevaa koti la kazini kwake, sehemu ya kufulia nguo katika nyumba moja ya wazee. Mfuko wa plastiki wa karatasi zake ulikuwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, nao ndani ya mkoba. Alitazama picha za ukutani, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiswahili bila hata kunisalimia, "Weye ni mutu wa wapi?" Nikamwambia Tanga. "Aa, Tanzania. Basi unasikia. Bon. Minataka kwenda kutembea ku Belgique." Nikamuuliza kama ni kutembea tu au kuna ndugu. "Kutembea, mama. Kuangalia manyumba ya zamani. Si ndiyo kazi yenu hiyo?" Alisema hivyo kwa uso mkavu kiasi kwamba nilianza kumtolea vijitabu. Alivifungua kimoja baada ya kingine, akafika kwenye ramani, akaweka kidole pembeni mwa mji wa Namur na hakukiondoa. Nilimchemshia chai. Kikombe cha pili ndipo kidole kilipozungumza.

Dada yake mkubwa, Yaya Josefina, kama kwao wanavyomwita ndugu mkubwa, alikuwa Namur. Walipotezana vita ilipoingia kwao Bukavu, Kongo, mmoja akikimbilia upande wa ziwa na mwingine upande wa msitu, na mtu mmoja mwenye nia njema akamhakikishia Josefina kwamba ameuona mwili wa mdogo wake. Josefina alipofika Ubelgiji na kuomba hifadhi aliulizwa orodha ya ndugu, akasema alichoamini: mdogo wangu amekufa. Ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikawa sehemu ya sababu za yeye kupewa makazi. Miaka kumi baadaye mwanakwaya mmoja wa Mount Druitt, aliyekuwa na shemeji Namur, aliunganisha jina na jina, na jioni moja simu ikalia. Mama Neema alinisimulia hayo akiangalia chai. "Sasa aniite namna gani?" akauliza. "Akiandika invitation kama mudogo wake aje, watafungua dossier yake ya zamani. Watamuambia, madame, weye ulisema huyu alikufa. Ulisema bongo, ulidanganya. Na yeye iko mugonjwa, mafigo haitumike, siku tatu kila wiki iko ku mashine. Watamutoa ku mashine?" Nikasema sidhani kama wangefanya hivyo. "Weye haudhani," akasema. "Mimi niliisha kukaa ma camp mbili. Papier ikisema umekufa, kufa tu kimya." Alitaka aende kama mtalii, amwone dada yake saa moja, arudi. Hakutaka zaidi ya hapo, na katika maisha yangu yote ya kazi sijapata mteja aliyejua kwa uhakika zaidi anachotaka.

Nilimficha Bi Marika habari za dada. Nilimwambia ni mama anayependa historia. Mteja mmoja wa ofisi jirani alikuwa amewahi kuliacha basi la watalii na kupotelea Ulaya, na tangu hapo ubalozi ulikuwa ukiwauliza mawakala maswali mengi. Bi Marika alikuwa akisema mteja akipotea tunapotea sote. Kwa hiyo ilibidi Mama Neema awe mtalii kweli, mwenye ratiba iliyojaa kuanzia kifungua kinywa, na awe na majibu. Alikuwa na kile kitabu cha safari wanachopewa wakimbizi, si pasipoti kamili, na nilijua usaili wa viza hautakuwa mwepesi. Ndipo Jumapili zangu zikahamia Mount Druitt. Nilipanda treni Lidcombe baada ya adhuhuri, nikashuka na vijitabu vyangu, nikaingia katika ile nyumba ya matofali yenye jiko dogo ambalo hita yake iliwaka upande mmoja. Mezani kulikuwa na fufu, ugali wa kwao, iliyofunikwa kwa taulo, maharagwe, na samaki waliokaangwa mpaka wakawa wekundu. Mimi nilifundisha nikila. Neema alikuwa na miaka kumi na tano, amelala kwenye kochi sebuleni, mlango wazi, akisikia kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza tu.

Somo la kwanza lilikuwa kile kisanamu cha Brussels cha mtoto anayekojoa. Nilieleza kwa heshima zote kwamba ni cha shaba, cha zamani sana, na kwamba watu hutoka dunia nzima kukitazama. Mama Neema aliacha kumenya kitunguu. "Wanapanda ndege?" Wanapanda ndege, mama. "Mutoto anakojoa?" Ndiyo. "Hapa kwangu iko wajukuu ya jirani tatu, wanakojoa ku jardin bure kabisa. Waambie wakuje." Neema akacheka kutoka kochini, "Mum, it's just a fountain." Tukaenda kwenye ile mipira tisa ya chuma ya hukohuko Brussels, mikubwa kama nyumba, iliyounganishwa kwa mabomba, nikasema ndani mna ngazi za umeme. Akauliza ni ya kazi gani. Nikafungua ukurasa uliofuata. Lakini tulipofika kwenye kasri la Tervuren, nje ya Brussels, na nikaanza kusema pana makumbusho makubwa yenye vitu vya Kongo, vinyago, ngoma, hata mtumbwi mzima, alifuta mikono kwa aproni akaketi. "Pale mutanipitisha inje," akasema. "Nikiingia nitaanza kubeba." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilidhani namfundisha, na nilikuwa na ile sauti ya mwalimu mgeni ambayo nikijikumbuka nasikia haya. Jumapili ya tatu nilitandaza ramani ya mito, nikaanza kumtajia mto unaopita Dinant. Kabla sijamaliza silabi ya kwanza aliinuka, akaweka mikono nyuma, akafumba macho, akaitaja mito ya Ubelgiji yote kwa Kifaransa, mkubwa mpaka mdogo, na vijito vyake kulia na kushoto, kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. Alikuwa amezaliwa enzi za Wabelgiji. Masista wa Bukavu waliwafundisha mito hiyo kabla hawajafundishwa ya kwao, na aliyekosea alichapwa viganja. "Yaya alikuwa ananisaidia," akasema, bado amefumba macho. "Nikisahau ile ya mwisho, yeye iko nyuma yangu ananinong'onea." Neema alikuwa ameinuka kochini akasimama mlangoni. Sikumwona akimtazama mama yake namna ile tena mpaka Jumamosi iliyopita.

Siku ya usaili nilimsindikiza mjini, nikamngoja kwenye benchi nje ya jengo. Alikaa ndani muda ambao nilikula kucha zote za mkono wa kushoto. Alipotoka tulivuka barabara, ndipo akanisimulia. Alikuwa ameulizwa kwa nini Ubelgiji na si nchi nyingine. Vijitabu vyangu vyote, mnara wa kengele na mwanga wa jioni, vilimtoka. Akawatajia mito. Yule afisa, alisema, aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka mto wa mwisho, kisha akamwambia kwamba hata yeye mwenyewe hawezi kuimaliza. Viza ikaja baada ya wiki mbili. Bi Marika aliitazama, akanitazama mimi, akasema nimefanya kazi nzuri. Nilikwenda msalani nikalia kidogo kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilikuwa nimemfaa mtu.

Sasa ilibaki kupanga mahali pa kuonana, na hapo ndipo ninapoingia mimi. Josefina alikuwa mashineni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kesho yake ndipo alipokuwa na nguvu kiasi. Basi la watalii lingekuwa Dinant Alhamisi mchana, lisimame kwa muda wa saa mbili, na Dinant si mbali na Namur kwa treni. Nilikuwa na picha ya Dinant juu ya meza yangu, nzuri kuliko zote: mto, kanisa lenye paa la mviringo kama kitunguu, na juu yake, kwenye jabali, ngome, na kwenye ukuta wa ngome mizinga ya zamani imepangwa ikitazama bonde. Ratiba ya basi ilisema "Ngome ya Dinant". Mimi nikaandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, nakala moja ya Mama Neema na nyingine ya kutumwa Namur: mkutane juu ya ngome, kwenye mizinga, saa nane na nusu mchana. Niliwachagulia pale kwa sababu ya mandhari. Nakumbuka kabisa nikiwaza kwamba watu waliopotezana miaka yote hiyo wanastahili kukumbatiana mahali palipoinuka. Sikumpigia simu mtu yeyote aliyekanyaga pale. Bi Marika alikuwa mita mbili kutoka kwangu akinywa kahawa, naye alikuwa amepita Dinant mara nne.

Mama Neema alinunua kitenge kimoja cha njano chenye ndege wa buluu, akakikata katikati mezani mwa jiko, akatuma nusu Namur kwa posta. Ndivyo wanavyofanya kwao kwenye shughuli, ndugu huvaa sare, na yeye alisema pia itasaidia, maana miaka hiyo si michache, sura zimebadilika. Jumapili ya mwisho kabla ya safari sikuleta kijitabu. Nilimwambia, "Mama, itakavyokuwa yoyote, basi likiondoka uwe ndani. Usiliache kundi hata dakika moja. Ukikosekana kiongozi ataripoti, watatafuta ulikokwenda, watamfikia Yaya." Akasema amesikia. Nikamwambia tena. Akasema, "Niliisha kusikia." Mara ya tatu nilimshika mkono nikamwomba aniahidi, na nikaongeza kwamba ahadi ni deni, kama vile yeye ndiye mtoto na mimi ndiye niliyepita kambi mbili. "Nimekuahidi, Zuhura," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Kisha akanipakulia chakula cha kubeba.

Aliondoka mwezi wa kumi, akarudi baada ya siku kumi. Jumapili ile nilipanda treni ya mapema. Jiko lilikuwa lilelile, na yeye amekonda kidogo, amevaa sweta jipya lenye jina la Brussels kifuani. Alinikalisha, akanipa soda, akasimulia. Alisema Yaya alikuwa tayari amefika, amekaa kwenye mzinga kama kiti. Alisema kwanza hawakusema chochote, walishikana tu nguo, kitenge kwa kitenge. Walikula sombe, yaani kisamvu, aliyopika Yaya, kwa mikono, wazungu wakiwatazama. Alisema kutoka pale unauona mto unapinda na mashua nyeupe, na mwanga, alisema, mwanga unakuwa kama asali juu ya kanisa. Hayo ya asali yalikuwa maneno yangu, yale yaliyofutwa na kalamu nyekundu, niliyokuwa nimemsomea hapohapo jikoni bila kujali. Nilidhani nilikuwa nimeona kweli kutoka mbali. Nilimuuliza kama walipiga picha. "Nani anakumbuka picha?" akasema. Neema alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwetu, anaosha kikombe kimoja muda wote huo.

Josefina alifariki kabla ya Pasaka iliyofuata. Tulikaa matanga siku tatu katika nyumba ileile, na watu waliokuja wakanipa mkono mimi pia, wakasema Mungu akubariki, angalau walionana. Nadhani ni matanga yale yaliyonifanya nibaki katika kazi hii. Nilimaliza diploma, nikabaki na Bi Marika mpaka alipostaafu, nikaichukua ofisi. Miaka miwili baada ya safari ile mteja mmoja aliyerudi kutoka Dinant alinilalamikia kwamba sikumwambia ngome ile ina ngazi zaidi ya mia nne kutoka mjini, na goti lake bovu. Nilimpigia Mama Neema siku hiyohiyo, nikamuuliza Yaya, na miguu iliyovimba kwa ugonjwa wa figo, alipandaje. Akajibu bila kusita, "Iko kabine ya kamba, inapandisha watu. Alipanda na kabine." Nikaulizia, kweli kipo kigari cha waya. Nikaridhika. Ninaposema niliridhika namaanisha kwamba nilitaka kuridhika, na mtu akitaka hivyo halimshindi jambo. Tangu hapo, kila karani niliyemwajiri nimemwambia apige simu kwa mtu aliyekanyaga mahali, aulize ngazi ni ngapi, na wote wananiona mzee asiye na ladha.

Sasa jikoni mwa ukumbi, Jumamosi iliyopita. Masufuria yalikuwa makubwa kuliko sinki. Neema alifunga mlango kwa kisigino, akavua glavu za mpira. "Aunty Zuhura," akasema, "Mama alisema nikwambie akishazikwa. Not before. They never met." Nikamuuliza hawakukutana na nani. Nilikuwa nimeelewa, lakini mdomo uliuliza. Akanieleza polepole, Kiswahili kidogo Kiingereza kingi, kama anavyomweleza mgonjwa. Mabasi ya watalii, alisema, hayapiti mjini. Yanazunguka kwa barabara ya nyuma yanawashusha watu juu kabisa, kwenye lango la ngome. Anayekuja kwa treni anafikia chini, kwenye kanisa. Mimi nilikuwa na picha moja, na katika picha juu na chini vimeshikana. Josefina alifika na karatasi yangu mkononi, akaziona ngazi, akapanda thelathini hivi. Miguu ikakataa. Kile kigari cha waya alikiona akadhani ni mchezo wa watalii. Karatasi yangu haikukitaja. Mama Neema alisimama juu kwenye mizinga tangu saa nane. Simu yake ya Sydney haikushika mtandao wa kule, na kuiandaa mapema lilikuwa jambo jingine ambalo sikulijua. Zilipobaki dakika ishirini hivi alikwenda kuegemea ukuta, akatazama chini, na katikati ya makoti meusi mbele ya kanisa akaona njano.

Nikasema, "Kwa nini hakushuka?" Neema akanitazama kwa huruma ambayo sikuistahili. Alishuka, akasema. Alimuuliza kiongozi wa kundi, naye akamwambia muda hautoshi kwenda na kurudi, basi linaondoka juu na asipokuwepo itabidi aripoti. Alishuka ngazi kumi na mbili. Kisha akarudi juu. "Because she promised you," Neema akasema. "Alisema, yule mutoto aliniahidisha mara tatu." Kesho yake Josefina alikuwa mashineni, na hali ilikuwa mbaya kwa zile ngazi thelathini, na keshokutwa ndege iliondoka. Walizungumza kwa simu ya hoteli jioni ileile, wakakubaliana wote wawili kwamba mimi nisiambiwe. Ni Yaya aliyesema mashua nyeupe ziingizwe kwenye masimulizi, ili ninogewe. Nilikaa juu ya kreti ya soda. Nilisema nisamehe, nikasema tena, na sikujua namwambia nani, maana mwenye kusamehe tulikuwa tumemfukia asubuhi. Neema alisema Mama hakuwahi kunikasirikia hata siku moja, kwamba yeye mwenyewe alinikasirikia kwa miaka, na kwamba hilo nalo limeisha.

Nikamuuliza walifanya nini zile dakika zilizobaki. Akafikiri, akaniambia Mama yake alivua kilemba akakipunga, na kule chini Yaya akanyoosha mikono yote miwili. Kelele hazikufika. Yaya alikuwa amebeba sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, ndani yake sombe aliyoanza kuitwanga tangu Jumanne. Aliiweka chini kwenye mawe, akafungua kitambaa, akafunua kifuniko. Kisha akaiinua kwa mikono miwili, akaiinamisha kidogo kuelekea juu ya jabali, ili mdogo wake aone alichompikia.